Kisu Kilichochomoka Mpini Katika Mto Lambwe

Nashon alikuwa bado anapumua nilipomfikia. Maji yalimfunika, yakamwachilia kidogo, yakamfunika tena. Kamba aliyofungwa kiunoni ilikuwa imenasa kwenye gogo lililolala chini ya maji, mto unamsukuma huku, kamba inamvuta kule. Alipopata nafasi ya kutoa uso alisema neno moja tu: "Kata." Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu aliyekaa mezani anaomba chumvi.

Kisu kilikuwa mkononi mwangu tayari. Nikapitisha ubapa chini ya kamba, nikauegemeza kwa gogo, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kitu kimelegea. Nikadhani ni kamba. Nilipotazama, nilikuwa nimeshika mpini mtupu. Ubapa umekwenda na maji. Mpini huo ulikuwa na tundu ndani, na kutoka humo zikaanguka njiti za kiberiti, ndoano na uzi wa kuvulia samaki, vitu ambavyo aliyetengeneza kisu aliviweka ili vituokoe siku tukipotea porini. Njiti zilielea mbele ya uso wangu. Nashon hakusema tena.

Naanza hapo kwa sababu nyinyi vijana mliobaki kazini mnanipigia simu mkiniuliza, "Mzee Zablon, ninunue kisu gani?" Nimekuwa nikijibu kwa kifupi halafu nakata simu. Sasa nimekaa nyumbani Uriri, kazi imeisha kabla umri haujaisha, vidole vya mkono wa kushoto havikunji, na nina wakati. Nitajibu kwa kirefu. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo mkiona maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe.

Kazi yetu mnaijua, lakini pengine atasoma mtu asiyeijua. Tulikuwa watu wa mradi wa mitego ya mbung'o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa malale kwa watu na kuua ng'ombe. Mtego ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoshonwa kama hema dogo, kinatundikwa kwa mti wa kukata huko huko kichakani. Sisi tulikuwa tunafyeka njia katika vichaka vya Bonde la Lambwe, tunakata miti, tunatundika, tunarudi baada ya siku kadhaa kumwaga nzi waliokufa. Mshahara sitautaja, na vyeo sikupata vya kutaja.

Siku yangu ya kwanza nilifika na kisu cha jikoni cha mama yangu, kimefungwa kwa gazeti. Aliyetupokea alikuwa Marwa, Mkuria, mkubwa wa wafyekaji, mtu mfupi mwenye ugoro puani na maneno makali. Kwa sababu yeye alikuwa Mkuria na wengi wetu Wajaluo, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mtu anakivunja kwa njia yake.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza.

"Ni kisu, mzee."

"Naona ni kisu. Nauliza ni nyanya ya nani umekuja kukata?"

Wakacheka wote. Kufika saa sita mchana kisu cha mama kilikuwa kimekunjika kama jani la mhindi kwenye jua. Marwa alikichukua, akakinyoosha juu ya goti lake, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima ya kunidhihaki. "Peleka nyumbani. Mwambie mama asante, kijana wako amerudi mzima. Jumatano tutaenda soko."

Soko lenyewe ni Ogwedhi, kule mpakani na Narok, ambako Wamasai, Wakuria na Wajaluo wanakutana kuuziana ng'ombe. Pembeni kabisa, karibu na wauzaji wa viatu vya akala, ndipo walipokaa wenye simi. Simi ni ule upanga mfupi wa Wamasai unaofuliwa kutoka kwa springi ya gari. Wenyewe wanautaka mrefu. Sisi tulikuwa tunamwambia fundi aukate kwa msumeno wa chuma, auchonge ncha upya, uwe kisu.

Mimi mara moja nikashika kilichong'aa kuliko vyote. Marwa akanipiga kofi mkononi.

"Wacha hiyo. Inang'aa kwa sababu haijafanya kazi tangu izaliwe."

"Hii ni springi ya lori kabisa, baba," muuzaji akasema.

"Kila simi hapa ni springi ya lori. Malori ngapi yalikufa ndiyo hii soko ijae hivi?"

Muuzaji akacheka, akatoa nyingine kutoka chini ya shuka. Mtu akikuona unajua kutukana bidhaa anatoa iliyo nzuri.

Alivyonifundisha Marwa siku ile ndivyo ninavyowaambia leo. Shika mpini, piga ubapa kwa ukucha karibu na sikio. Chuma kizima kinalia na mlio unakaa. Kilichoungwa vibaya kinasema "tup" na kunyamaza. Urefu wa ubapa uwe kama kutoka kifundo cha mkono wako hadi ncha ya kidole cha kati. Ukizidi hapo unatafuta vita, ukipungua rudi kwa nyanya. Mgongo wa kisu uwe mnene na bapa, kwa sababu siku ya mvua utaupiga kwa rungu ili upasue gogo utafute kuni kavu ndani yake. Usinunue chenye meno ya msumeno mgongoni. Meno hayo hayakati mti, yanararua ala, na ukiupiga mgongo wenye meno rungu lako linakuwa vipande. Chuma kinachoshika kutu kidogo usikiogope, kipake mafuta ya kupikia. Mara nyingi ndicho kinachokubali kunolewa kwa jiwe la mto mkiwa mbali na fundi.

Lakini zaidi ya yote, tazama mkia. Marwa aliita mkia ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Alitaka aione ikitokea upande wa pili, chuma kimoja kutoka ncha mpaka mwisho, mbao mbili zimebanwa kwa misumari ya kupigwa pande zote.

"Kisu ya mkia fupi ni mjusi," alisema. "Ukiikamata kwa nguvu, inakuachia kipande mkononi, yenyewe inakimbia."

Nilitoka Ogwedhi na kisu changu kiunoni, ala ya ngozi nyekundu, natembea kama mtu aliyeoa. Na hapa nataka muangalie neno moja. Ingawa kilikuwa kimekatwa kikawa kisu, sisi hatukukiita kisu. Tulikiita simi. "Nipatie simi yangu." "Nani amekalia simi?" Miaka yote tuliita hivyo kwa mazoea, na neno hilo ndilo baadaye walilotufunga nalo.

Nashon alikuja miaka michache baada yangu. Alikuwa mtu wa Kendu Bay, mtoto wa ziwani, anaogelea kama samaki kamongo na kuogopa kila kitu chenye miguu minne. Siku moja nyati alitoka kichakani karibu na mpaka wa mbuga ya wanyama, sisi tukalala chini, Nashon akapanda mti. Mti wenyewe ulikuwa mgunga. Nyati aliondoka bila kutujali, na mimi nikakaa alasiri yote nikimtoa Nashon miiba ya mapaja kwa ncha ya kisu.

"Omera, ndugu yangu, polepole! Hiyo ni nyama ya mtu, si ya Ogwedhi!"

"Tulia. Uliona miiba ukipanda?"

"Niliona pembe. Miiba nimeona nikishuka."

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja. Alifunga mpini wa kisu chake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mwekundu, ili kikianguka kwenye nyasi kionekane, na mimi nikaiga. Tuliwahi kumwokoa ndama wa mtu kwa kukata mtego wa waya uliomnasa. Tuliwahi kunyeshewa siku mbili mfululizo ng'ambo ya mto, kila kitu kimelowa hadi kiberiti, na Nashon akapasua mti uliokufa mpaka akafika kwenye moyo wake mkavu, akachonga vijiti vyembamba kama nywele, tukawasha kwa makaa ya mama mmoja aliyetupatia kwa kopo. Mama yule alimwambia, "Wewe umelelewa vizuri." Nashon akamjibu kwamba mama yake mwenyewe hakubaliani.

Marwa pia alikuwa na sheria ya mto. Lambwe ukiwa mdogo unavuka umekunja suruali. Ukijaa hauvuki. Na ikibidi kabisa mtu avuke amefungwa kamba, basi wa nyuma yake anaingia majini akiwa ameshika kisu uchi mkononi. Kisu kisiwe kwenye ala. Kamba inaweza kukuokoa na kamba inaweza kukuua, na anayejua ni ipi kati ya hizo mbili ni yule wa nyuma.

Sasa nafika kwa Habil.

Habil si mtu aliyetoka ofisi ya mbali asiyejua kichaka. Hilo lingekuwa rahisi kusamehe. Habil alianza nasi, alifyeka nasi, Marwa huyo huyo alimchagulia simi yake Ogwedhi. Baadaye alifanywa supavaiza, akaanza kuvaa koti hata kwenye jua, na tukaanza kumwita jakom, yaani mwenyekiti, kwanza kwa utani halafu kwa lazima.

Ulifika wakati wa vurugu za wizi wa mifugo kule mpakani. Watu waliumizana, na kila mtu mwenye simi alitazamwa vibaya. Asubuhi moja Habil akaja kambini na gunia.

"Kuanzia leo hakuna mtu wa mradi atabeba simi. Ni silaha."

Marwa akasema, "Hii ni kisu, jakom."

"Unaiita nini kila siku?"

Marwa akatazama kisu chake.

"Sema, mzee. Unaiita nini?"

"Simi."

"Basi. Mmesema wenyewe." Akafungua gunia.

Tukatumbukiza moja moja. Nashon alitoa ule mpira mwekundu kwanza, akautia mfukoni. Mtu wa nyuma akauliza, "Na yako, jakom?" Ilikuwa kiunoni mwake, tunaiona chini ya koti. Habil akasema, "Hii ni ya ofisi." Tukacheka, tukidhani ni utani. Hakutania.

Ndipo akatugawia visu vipya. Vililetwa na Dismas, mwenye duka pale Migori mjini, ambaye ni shemeji yake Habil, na kila mtu Migori anajua hivyo. Vilikuwa vyeusi, meno mgongoni, mpini wa duara kama tochi, na nyuma ya mpini kifuniko chenye dira. Ukifungua kifuniko unapata kiberiti na ndoano. Vijana walifurahi kama watoto. Marwa alichukua chake, akakitikisa karibu na sikio, kikalia kama njuga. Akaenda kwa Habil mbele yetu sote.

"Hii haina mkia. Imeshikwa na skrubu moja. Wewe unajua."

"Mzee, ni kisu ya survaivo, ya kujiokoa porini. Wazungu wanatumia."

"Habil. Mimi nilikuchagulia kisu. Nakuuliza, wewe hujui?"

Habil akamtazama, akasema kwa upole, "Najua. Chukua hivyo hivyo."

Nilisikia kwa masikio yangu, na Nashon alisikia. "Najua." Marwa alirudi kwao mwezi ule ule, akisema magoti yamechoka. Hayakuwa magoti.

Mvua ya masika ilipoanza, Habil alikuja na gari. Ndani ya gari alikuwa mgeni wa ofisi kuu, mama mmoja aliyekuja kuona kazi. Mitego yetu ilikuwa ng'ambo na mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi. Tukasimama ukingoni.

"Mbona mmesimama?" Habil akauliza.

Nashon akasema, "Jakom, huu mto umelewa. Tuungoje ulale."

"Mgeni anarudi leo. Leteni mtego hata mmoja aone."

"Aone nini? Nzi?"

"Nashon, wewe ni mtu wa ziwa ama ni mtu wa mdomo?"

Maneno haya naandika kama yalivyosemwa. Nashon alinitazama, akacheka kidogo, akaanza kuvua viatu. Nikamwambia asiende. Akasema, "Nikikataa leo, kesho atasema mtoto wa Kendu ameogopa maji." Habil mwenyewe ndiye aliyetoa kamba kwenye gari. Habil mwenyewe ndiye aliyeifunga kiunoni mwa Nashon, na akasema, "Vuka."

Mimi nikaingia nyuma yake, kamba imezungushwa mkono wa kushoto, kisu cha Dismas mkono wa kulia, kama Marwa alivyotufundisha. Nashon alikuwa hata hajafika katikati gogo lilipoizuia kamba. Mengine mmeshayasoma.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika kule mwanzo. Nilipobaki na mpini, niligeuka. Habil alikuwa amesimama ukingoni, karibu kiasi kwamba niliona matone ya mvua kwenye masharubu yake. Nikapiga kelele, "Habil, kisu! Nirushie kisu!" Akainua koti. Mkono wake ukashika simi yake, ile ya springi, ile ya mkia mrefu. Akatazama nyuma kwenye gari, ambako yule mama alikuwa ameshusha kioo na anatuangalia. Mkono ukabaki pale pale juu ya mpini. Koti likashuka.

Nikang'ata kamba kwa meno. Kamba ya nailoni iliyolowa haing'atiki, msijaribu. Ilikaza mkononi mwangu mpaka vidole vikavunjika, ndipo ikakatika yenyewe kwenye gogo, wakati ambapo haikusaidia mtu. Kesho yake watu wa mashamba ya chini walimpata Nashon amelala kwenye matete, kamba bado kiunoni.

Tulimzika kwao Kendu Bay. Mimi mkono umefungwa, nimekaa na jamaa. Habil alipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kazi. Alisema marehemu alikuwa mtu jasiri, mtu wa watu, lakini siku ile kwa bahati mbaya alivuka bila ruhusa, alikuwa na kichwa kigumu. Nikasimama. Yule aliyeongoza mazishi akasema mvua inakuja, muda umekwisha, tuelekee kaburini. Nikasema bado nina neno. Wazee wakanishika bega, wakaniambia nisilete aibu kwa maiti.

Baadaye Roslida, mke wa Nashon, alinifuata nyuma ya jikoni.

"Shemeji, ni ukweli alivuka mwenyewe?"

"Alitumwa."

"Na nani?"

"Na huyo aliyesema."

Hakulia. Alisema, "Basi mwambie mama. Mimi nikimwambia atasema natetea mume wangu."

Nilimwambia. Mama yake Nashon ni mzee, anasikia anachotaka kusikia, na alichosikia kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote ndicho anachokiamini. Mimi ni rafiki wa mtoto wake, kwa hivyo anadhani namfunikia makosa. Roslida ananiambia mpaka leo, kila asubuhi mama huyo akitoka kufagia anasimama kwa kaburi na kumgombeza. "Si nilikwambia hicho kichwa chako kitakuua? Si nilikwambia? Umeniachia watoto na nani?" Anamgombeza, halafu anafagia, halafu anarudi kumgombeza. Hajawahi kumlilia kama mama anavyolilia mtoto, kwa sababu amemkasirikia.

Mimi nimeshaenda kwa ofisi ya mradi. Niliambiwa mambo ya marehemu yamefungwa. Nilienda kwa Dismas dukani, akaniuliza kama ninataka kununua kitu. Bado anavipanga visu hivyo dirishani, dira inatazama barabara. Vijana, msinunue hapo, na mkigawiwa kimoja, kirudisheni mbele ya mashahidi, halafu mkatae mto.

Sasa neno langu la mwisho si kwenu, ni kwa Habil, na ninajua atalisoma kwa sababu nimewaambia mlipeleke. Habil, mkono wangu sikudai. Gunia la visu vyetu sikudai. Kendu Bay unaijua, ulikuja na gari, nyumba unaikumbuka. Nenda asubuhi, mama yake Nashon akiwa na ufagio. Usiende na mchungaji, usiende na unga na sukari. Simama mbele yake umwambie ni nani aliyefunga kamba, ni nani aliyesema "Vuka," na kwa nini ulimtazama mgeni kwanza. Halafu nyamaza, umwache amlilie mtoto wake. Mimi nangoja kusikia kwamba umeenda. Usipoenda, niambie kwa nini, na uniambie mbele ya watu, kwa kipaza sauti, kama ulivyosema siku ile.